Matundu, Upepo na Maji: Nilichowaambia Mafundi na Wavuvi Kisumu

(Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi hapa Kisumu mbele ya mafundi wa turubai, wenye keji za samaki (vile vizimba vya wavu vya kufugia samaki ziwani), wakulima na vijana wa politekniki. Wengi mlikwama kazini mkaniomba niiweke, kwa hivyo iko yote hapa vile niliongea, picha za ukutani tu ndizo nimeacha.)

Wazee wangu, mama zangu, vijana, hamjambo? Asanteni sana kwa kuja, najua leo ni siku ya soko na kuna mtu hapa ameachia jirani mzigo wake ndio aje kunisikiza, kwa hivyo sitawazungusha.

Nimekuja tuongee juu ya vitu vyenye matundu na vitu vinavyopinda, vikikutana na upepo au maji. Neti ya mbu. Turubai. Tanga la boti. Wavu wa keji. Jani la mgomba. Mtu akiangalia wavu anaona nyuzi, matundu anayapita kwa macho kama pahali pasipo na kitu, na mimi nasema hapo ndipo pesa yetu inapotelea, kwa sababu tundu linafanya kazi saa zote, mchana na usiku, na ukubwa wa hilo tundu pamoja na kasi ya kinachopita ndio utaamua kama samaki wako watapumua, kama bango lako litaraka, kama mtoto atavumilia kulala ndani ya neti.

Nianze na kupepea. Nani hapa ashawahi kujiuliza bendera inapepea kwa nini? Upepo unakuja umenyooka, bendera imefungwa upande mmoja tu, si ingefaa ilale tu imenyooka na upepo? Mbona inacheza?

Mwaka wa 2000 kuna watafiti wa New York, Jun Zhang na wenzake, walifanya kitu kizuri sana na rahisi sana. Walitiririsha maji ya sabuni kati ya nyaya mbili yakawa utando mwembamba unaoshuka, ule wa rangi rangi kama povu la kufulia likipigwa na jua, halafu wakatia ndani uzi, ncha ya juu imeshikwa na ya chini iko huru. Huo uzi ndio bendera yao. Ukiwa mfupi, ulinyooka tu ukatulia. Ukiwa mrefu, ulipapatika bila kuacha. Na hapo katikati, sikizeni vizuri, kuna urefu ambapo uzi ule ule kwenye mkondo ule ule unaweza kutulia au kupapatika, yote mawili! Usipouguza umetulia. Uguze kidogo tu, unaanza kucheza na hauachi.

Sababu yake ni hii. Kitambaa kikipata kinundu kidogo, hewa inayopita juu ya kinundu inakimbia zaidi, na hewa ikikimbia shinikizo lake linashuka, kwa hivyo kinundu kinavutwa kiwe kikubwa zaidi. Ugumu wa kitambaa unajaribu kukirudisha. Upepo ukiwa mdogo ugumu unashinda. Upepo ukipita kasi fulani ugumu unashindwa, na uzito wa kitambaa unakibeba kipite upande wa pili, pale pia kinavutwa, kinarudi, kinaenda, ndio kupepea kwenyewe. Uzito uko kwenye hesabu hiyo: Zhu na Peskin walipoiga ule uzi wa sabuni kwa kompyuta mwaka wa 2002 waliona uzi usiopewa uzito wowote haupepei.

Sasa fundi wa turubai, hii inakuambia nini? Inakuambia turubai la lori linaweza kutoka Kisumu limetulia kabisa, lifike mahali lori moja kubwa lipite kwa fujo karibu yake, likaguswa na ule upepo, na kutoka hapo likapigapiga hadi Nakuru na kasi ya gari haijaongezeka hata kidogo. Mwenye gari anasema turubai ni mbovu. Shida ni kipande kirefu kimeachwa huru kati ya kamba na kamba. Punguza nafasi kati ya kamba. Ni kama ule uzi, ufanye mfupi unyooke. Wavuvi wanaotumia tanga wanajua hii kwa mikono yao, tanga ukiliachilia kamba likaanza kupigapiga linaraka ukingoni haraka kuliko likiwa limejaa upepo.

Sasa tuje kwa matundu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 22 Oktoba 1797, mjini Paris, Mfaransa anaitwa André-Jacques Garnerin alipanda juu na puto, akakata kamba, akashuka na parachuti ya kitambaa. Alifika chini mzima. Lakini alivyoshuka, jameni, kile kikapu kilikuwa kinabembea huku na huku vibaya sana, watu walidhani atamwagika. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa kilikuwa kizima, hewa imejaa chini yake haina pa kutokea, basi inamwagika ukingoni, mara upande huu mara upande ule, na kila ikimwagika inasukuma parachuti upande mwingine. Dawa iliyokuja baadaye ni nini? Tundu! Tobo pale juu katikati. Hewa kidogo inatoka hapo kwa utaratibu, na ule mbembeo unapungua. Na hadi leo hii, chombo cha Marekani kinachoitwa Perseverance kiliposhuka Mars mwaka wa 2021 kilishuka na parachuti ya upana wa mita 21.5 ambayo ina tundu juu na pengo lingine linaloizunguka yote kama mkanda. Watu wenye akili zote hizo na kompyuta zote hizo, na bado wanaacha pengo kwenye kitambaa kwa makusudi.

Sasa najua mnafikiria nini. Mnafikiria yale mabango yetu ya barabarani, ya harambee, ya krusedi, ya kampeni, ambayo fundi anachukua wembe anakata vinusu mwezi kumi hivi ndio upepo upite. Si ndio? Mzee mmoja hapo mbele anatikisa kichwa. Haya, tupige hesabu pamoja.

Bango la mita 3 kwa 2 ni mita 6 mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ule wa saa tisa hivi mvua ikikaribia, ukilipiga uso kwa uso utalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 40. Hiyo nimepigia hewa ya hapa Kisumu, tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kiasi kuliko ya Mombasa. Upepo ukiongezeka mara mbili, ukawa kilomita 72 kwa saa, je, nguvu inakuwa 80? Hapana. Inakuwa mara nne. Karibu kilo 160! Kasi mara mbili nguvu mara nne, kasi mara tatu nguvu mara tisa. Ukitoka hapa na kitu kimoja, toka na hicho.

Sasa wale vinusu mwezi kumi, kila kimoja kama kiganja changu, ukivijumlisha vyote havifiki asilimia 2 ya bango. Asilimia mbili! Umepunguza mzigo kidogo sana, hauwezi hata kuhisi kwa mkono, na zaidi ya hapo kila ncha ya ule mkato ni mahali pa kuanzia kuraka. Mwaka wa 1971 Ian Castro alipima vibao vyenye matundu kwenye mkondo wa hewa, na aliona kwamba ile mizunguko mikubwa inayojikata nyuma ya kibao kwa zamu, kushoto kulia kushoto kulia, ile inayofanya vitu vitetemeke, inazimika matundu yakifika kama asilimia 20 ya eneo. Asilimia 20, na wewe umekata 2. Kwa hivyo ukitaka tundu likufanyie kazi, nunua ile turubai ya neti neti iliyochapishwa, au ubaki na nzima lakini uifunge na kamba za mpira zinazovutika, kona moja ya chini iweze kuachia kidogo upepo ukizidi. Na kama ni lazima ukate, maliza kila ncha ya mkato na kitundu cha duara, mpasuko ukifika kwa duara unachoka.

Hii ya asilimia ndio sababu pia ua la miti linakinga shamba kuliko ukuta wa mawe. Wakulima wa Nakuru mnajua, kuna mtu amejenga ukuta mrefu akidhani mahindi yatapona na mahindi yakalala bado. Ukuta mzima unarusha upepo juu, halafu upepo unaanguka nyuma yake na fujo. Mistari ya miti ya mgrivelea iliyo wazi karibu nusu inapitisha hewa polepole, na ile polepole inazuia ile ya juu isianguke kwa kishindo, kinga yake inafika mbali, zaidi ya mara kumi ya urefu wa mti.

Na kuna kuachia. Nani anatoka Kisii hapa? Asante mama. Umeshaona jani la mgomba jipya, limefunguka asubuhi, pana, zima, linang'aa, halafu baada ya wiki chache za upepo limechanika vipande vipande kutoka ukingo hadi uti wa kati? Watu wanasema mgomba umeharibiwa na upepo. Angalia tena. Limechanika kufuata mishipa, bila kukata uti, na kila kipande bado ni kijani bado kinafanya kazi, sasa upepo unapita katikati na shina linasimama. Mwanabiolojia Mmarekani Steven Vogel mwaka wa 1989 alitia majani ya miti kwenye mashine ya upepo, akaona majani mapana yanajikunja yanakuwa kama faneli, na kadiri upepo unavyoongezeka ndivyo yanajikunja zaidi. Miaka iliyofuata, mwaka wa 2002, Silas Alben na wenzake walionyesha kwa hesabu na kwa uzi ulioshikwa katikati ndani ya sabuni kwamba kitu kinachojikunja hivyo hakilipi ile faini ya mara nne, upepo ukiwa mara mbili kinalipa kama mara mbili na nusu hivi. Mimi nikiona hiyo nafurahi sana kusema kweli. Mti hauna injinia.

Niguse bundi haraka, najua wengine hawataki hata kumsikia jina. Huyo ndege anaruka bila sauti, na Mwingereza mmoja, Graham, aliandika mwaka wa 1934 kwamba siri iko kwa manyoya, mbele yana meno kama kitana, nyuma yana shada laini, na juu ni kama mahameli. Ule ukingo laini unaopitisha hewa kidogo unazuia hewa isipige kelele ikiachana na bawa. Watu wa feni na mitambo ya upepo wanamsoma bundi leo. Tuendelee.

Sasa niwapeleke kwa vitu vidogo, na huku mambo yanageuka. Huko juu nilisema tundu linapitisha. Kuna ukubwa ambapo tundu linakataa.

Kila uzi ukiwa ndani ya maji au hewa unavaa koti la maji au hewa iliyonata, haisongi vizuri. Nyuzi zikiwa mbali, makoti hayagusani, mkondo unapita katikati. Nyuzi zikikaribiana, au mkondo ukipungua kasi, makoti yanagusana na wavu unakuwa kama ukuta, na ukitazama kwa jicho bado unaona mwangaza ukipita! Kuna kipimo cha hii kinaitwa namba ya Reynolds, jina la Osborne Reynolds wa Manchester aliyechapisha majaribio yake mwaka wa 1883. Kitu kidogo na polepole, namba ndogo, kunata kunashinda. Kitu kikubwa na haraka, namba kubwa, mbio zinashinda.

Mkitaka ushahidi muulizeni thripsi. Wakulima wa vitunguu na mishiri mnamjua huyo adui. Ana urefu wa kama milimita moja, na mabawa yake ukiyaweka chini ya lenzi si mabawa mazima, ni kijiti kina nywele nywele pembeni, wazi wazi. Anapaaje? Anapaa kwa sababu kwa udogo wake hewa inanata, haiwezi kupita vizuri kati ya nywele, basi nywele zinakuwa bawa. Ndege akiwa na bawa la hivyo ataanguka chini kama jiwe.

Basi mkulima wa grinihausi amesikia thripsi na inzi weupe wanapita kwa neti ya kawaida, anaenda kununua neti yenye matundu madogo sana, anaiweka kwa dirisha lile lile la zamani, na baada ya mwezi ananiambia nyanya zinamwaga maua kwa joto. Ndugu yangu, umefunga dirisha! Wadudu umewazuia na hewa umeizuia. Usirudishe neti ya matundu makubwa, ongeza eneo. Toa neti nje kama kibanda kilichochomoza, au ipandishe ifike juu zaidi, mita mraba mara mbili au tatu ya zile ulikuwa nazo. Kila tundu linapitisha kidogo, basi weka matundu mengi.

Hapo hapo tuseme juu ya neti ya mbu, na hapa naomba mnisikize kama mzazi. Watu wa hapa wanaambiwa hawalali ndani ya neti kwa sababu ni wakaidi. Sikubaliani. Vipimo vilivyofanywa Afrika na Asia vimeonyesha neti inapunguza upepo unaomfikia mtu kwa zaidi ya nusu. Joto la Kisumu mwezi wa pili, nyumba ya mabati, dirisha dogo, halafu unakata nusu ya hewa. Mtu anayelalamika anasema ukweli wa fizikia. Lakini pia ukweli ni kwamba huku kwetu Siaya, Asembo, utafiti wa miaka ya tisini ulionyesha neti zilipunguza vifo vya watoto, na kitu cha kushangaza, hata nyumba zisizo na neti zilizokuwa karibu, ndani ya mita 300 hivi, zilipata kinga kwa sababu mbu wenyewe walipungua. Kwa hivyo tusiache neti, tutafute hewa. Itundike juu na pana isikuguse, usiikunje mara mbili kwa sababu hapo umezidisha ukuta, na unapojenga weka madirisha mawili yanayotazamana, upande wa ziwa na upande wa nchi kavu, mchana upepo unatoka ziwani na usiku unarudi huko.

Na leso je? Kina mama wa Bangladesh walifundishwa kukunja sari kuukuu la pamba, ile nguo yao ndefu ya kujifunga kama leso, angalau mara nne na kuchuja maji nalo. Rita Colwell na wenzake walifuatilia vijiji 65, matokeo yakatoka mwaka wa 2003, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Kiini cha kipindupindu ni kidogo mno kuzuiwa na kitambaa, lakini kinapenda kujibandika kwa vijidudu vya majini, na hivyo vinakwama. Kwa nini kuukuu? Kitambaa kikifuliwa sana nyuzi zinafumuka na matundu yanajibana. Na mkifanya mtaona maji yanashuka polepole, msikasirike, Henry Darcy wa Dijon aliandika kanuni yake mwaka wa 1856 baada ya kupima maji yakipita mchangani: ukiongeza unene mara mbili yanapita nusu, ukiongeza shinikizo mara mbili yanapita mara mbili. Mikunjo minane ni nusu ya kasi ya mikunjo minne. Halafu baada ya kuchuja bado mnatia dawa au mnachemsha, leso pekee haitoshi, tafadhali sana.

Nimebakisha wenye keji, na nyinyi ndio nilikuwa nawawaza zaidi nikija hapa. Novemba 2022 hamjasahau. Samaki walikufa kwa wingi, watu wakabaki na mikopo, na waliochunguza walisema oksijeni ya maji ilikuwa imeshuka. Ziwa likipandisha maji mabaya kutoka chini, hakuna mtu hapa ataweza kulizuia. Lakini kuna siku nyingine, siku za kawaida kabisa, ambapo samaki wako wanakosa hewa kwa sababu ya wavu wako.

Tupige hesabu ya mwisho. Wavu una uzi wa milimita 2, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 25. Sehemu iliyozibwa ni kama asilimia 15, asilimia 85 iko wazi. Safi. Sasa acha mwani uote na uchafu ushike hadi uzi uwe unene wa milimita 5 tu, kidole chako ni kinene kuliko hiyo. Iliyozibwa imekuwa asilimia 36! Mkondo unaona kizuizi, unaamua kuzunguka keji badala ya kupita ndani. Na huku kwenye ghuba yetu ya Winam mkondo wetu mara nyingi ni wa polepole, na nilishasema polepole makoti yanagusana. Wavu huo huo pia unavutwa zaidi, unapinda, chini unapanda juu, samaki wale wale wamebaki na chumba kidogo. Unaona inavyofuatana? Uchafu, mkondo, umbo, hewa.

Na upangaji. Naona keji zimepangwa mstari mmoja kufuata mkondo, ya kwanza inakunywa maji mazuri, ya pili inapata maji yaliyopunguzwa kasi na yaliyokwisha kupumuliwa, ya tano sijui inapata nini. Zipangeni kukata mkondo, kila keji ikutane na maji mapya, na muache nafasi kati yake.

Kwa hivyo kwa kikundi chochote kilicho na kipimo cha oksijeni, au kinachoweza kuazima cha BMU ya jirani, ile kamati ya kusimamia ufuo: nendeni alfajiri kabla jua halijatoka, maana usiku mwani nao unavuta oksijeni na asubuhi ndio iko chini kabisa. Pimeni nje ya keji upande mkondo unakotoka, halafu pimeni ndani katikati, kina kile kile. Andikeni namba zote mbili. Ngege anataka miligramu 5 kwa lita au zaidi. Kama nje ni 5 na ndani ni 3, ziwa halina kosa siku hiyo, vueni wavu mfue au mbadilishe, punguzeni chakula hadi muumalize, halafu mpime tena kesho yake alfajiri. Mkiwa na namba za mwezi mzima nileteeni tuziangalie pamoja, nitakuwa hapa hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuanzia saa nne, na mje na kipande cha wavu wenu bila kukifua. Asanteni sana.